Kabla ya Arduino Kulikuwa na Fundi Redio: Historia ya Roboti za Mtaani, Kilosa Mpaka Mikumi

Meseji zinazoingia siku hizi nyingi ni za ishu moja: dogo yupo kidato cha pili, kaona video ya roboti TikTok, anataka kutengeneza ya kwake, kaulizia bei ya vifaa mjini, kakata tamaa. Wengine mnaandika kabisa kwamba haya mambo ni ya Wajapani, sisi tuendelee na kilimo. Leo naomba tubishane kidogo. Vuta kiti, maana hii stori inaanzia kwenye mkonge.

Neno lenyewe kwanza. Roboti halikuzaliwa kiwandani, lilizaliwa jukwaani. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki anaitwa Karel Čapek aliandika tamthilia kuhusu kiwanda kinachotengeneza watu bandia wa kufanya kazi, na Januari 1921 ikaonyeshwa Prague. Kaka yake Josef, ambaye alikuwa mchoraji, ndiye aliyempa jina la hao viumbe. Alilitoa kwenye neno la kwao, robota, yaani ile kazi ya shuruti ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi apende asipende.

Sasa mtu wa Kilosa akisikia maana hiyo hahitaji tamthilia. Analo neno lake: manamba.

Mkonge uliletwa na Mjerumani mwaka 1893, miche michache tu iliyopona safari ndefu ya meli. Ikazaa mashamba Tanga, kisha yakafuata reli mpaka huku kwetu, Kimamba, Rudewa na kuzunguka Kilosa. Vibarua walitoka Kigoma, Songea, Njombe, wengine Rwanda, Burundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao maalumu ya kukusanya watu, SILABU. Ukifika kambini unapewa namba. Jina alilokupa mama yako linabaki kijijini, hapo wewe ni namba, na mkononi una kipande chenye nafasi 30 za kujaza siku za kazi. Ndiyo maana wakaitwa manamba.

Nimeanza na hili makusudi. Ulaya waliandika tamthilia kuhusu mashine inayofanya kazi kama mtu asiye na jina, huku kwetu walikuwepo watu wasio na majina wanaofanya kazi kama mashine. Na hao hao ndio wa kwanza kuishi na mashine kubwa kila siku. Pale kiwandani kulikuwa na korona (hapana, siyo ugonjwa, ndiyo jina la mashine ya kuparua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi). Mtu aliyelisha korona miaka kumi alijua mlio wake. Mkanda ukilegea anasikia kabla msimamizi hajaona chochote. Hakuna aliyemwita injinia.

Lakini tukiwa wakweli, wazo la roboti lipo kijijini kabla hata ya mkonge. Ukiondoa mbwembwe zote, roboti ni kitu kinachofanya mambo matatu: kinahisi, kinaamua, kinatenda. Haya chukua mtego wa panya wa kijijini. Kijiti chenye chambo ndiyo sensa. Ile ncha iliyonasa kidogo tu, ambayo panya akigusa inachomoka na upepo ukivuma haichomoki, hapo ndipo uamuzi ulipo. Na ile fimbo iliyopindwa inayofyatuka ndiyo mota. Mkulima anayefunga makopo kwenye kamba kuzunguka shamba la mpunga ili nguruwe pori akijikwaa yapige kelele naye ametengeneza kengele ya ulinzi, bila betri. Vitabu vya roboti vya wazungu vinaanza na wanasesere wa saa za Ulaya. Vya kwetu, vikiandikwa, vianze na mtego.

Reli ikaja. Ilianza Dar 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa kuelekea Kigoma ambako ilifika 1914. Kwa stori yetu reli ilileta karakana, na karakana ilileta vyuma chakavu, na bila vyuma chakavu hakuna mtoto aliyewahi kujifunza ufundi. Baadaye kukawa na tawi la Kilosa kwenda Mikumi mpaka Kidatu, ambako linakutana na TAZARA. Hapo kuna kituko ambacho kila mtengeneza roboti anatakiwa akijue. Reli ya kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA ina milimita 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67, mzigo unashushwa Kidatu na kupakiwa upya kwenye behewa lingine. Kwa hiyo dogo, kabla hujagundisha magurudumu, pima ekseli mara mbili.

Sasa tuje kwa mtu ninayemkubali kuliko wote kwenye historia hii, fundi redio.

Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na betri za National na redio zikaanza kutoka humo humo nchini. Serikali ya wakati huo iliipenda sana redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi vijijini wakisikiliza vipindi vya RTD na kujadiliana kuhusu malaria, vyoo na maji. Fikiria hiyo hesabu, halafu fikiria redio ya kikundi ikiharibika Jumatano wakati kipindi kipo Alhamisi. Nani anaitengeneza?

Kila mji mdogo ulikuwa naye. Kibanda karibu na stesheni au sokoni, meza yenye alama za kuungua, pasi ya risasi inayopashwa kwenye mkaa kwa sababu umeme hakuna. Hapa cheka kwa uchungu: bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, nyaya zikaenda zake Morogoro na Dar, na huku vijijini watu wakaendelea na koroboi. Kwa hiyo fundi redio alikuwa mtu wa betri. Alijua ukizianika juani zilizochoka zinapata pumzi ya mwisho ya kusikiliza taarifa ya habari. Alijua kufunga betri sita kwenye boksi na kamba ya mpira pale sehemu ya betri ya redio ilipooza kwa kutu. Miaka ya 1980, nchi ikiwa imekauka baada ya vita na Amin, spea hazipatikani madukani, akajifunza kuua redio mbili ili aponye moja. Transista aliijaribu kwa balbu ya tochi. Mchoro wa sakiti hakuwa nao, alikuwa nao kichwani.

Hiyo ndiyo elimu ya roboti, wadau. Siyo mfano wa elimu ya roboti, ni yenyewe. Kujua mguu upi wa transista unafungua na upi unapitisha, kujua mota ikigeuzwa waya inazunguka kinyume, kujua betri gani inaweza kazi gani. Na mtoto aliyekaa pembeni ya kile kibanda, halafu akaenda kutengeneza gari la waya lenye usukani mrefu wa kushika ukiwa umesimama, magurudumu ya malapa yaliyokatwa kwa wembe, huyo tayari alikuwa na nusu ya roboti. Kilichobaki ni kuunganisha vitu viwili, gari la waya na redio iliyokufa. Wengi waliunganisha. Tochi mbili mbele, mota ya kaseti nyuma, linatembea kwa kusuasua mtaa mzima unashangilia. Hakuna aliyeandika jina la mtoto huyo popote.

Na usidhani huko mbele walifanya tofauti sana. Mwaka 1948 kuelekea 1949, huko Bristol Uingereza, mtafiti wa mambo ya ubongo anaitwa William Grey Walter alitengeneza kobe wawili wa kutembea wenyewe. Waliufuata mwanga, wakigonga kitu wanarudi na kuzunguka. Vifaa vyake? Vyuma vilivyobaki vitani na meno ya saa kuukuu. Kila kobe alikuwa na valvu mbili tu, yaani zile taa za ndani ya redio za zamani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Mkanada mmoja, Mark Tilden, akawa anatengeneza wadudu wa sola kwa vipuri vya vifaa vibovu, bila kompyuta ndani. Tofauti yao na fundi wa Kilosa ni kwamba wao walipigwa picha.

Mambo yakabadilika kwetu na simu. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima, mnakumbuka vilio vile. Kwa mafundi ilikuwa ni kama mvua ya vipuri. Ndani ya kila kiswaswadu kuna mota ndogo kuliko punje ya maharage, ile inayotetemesha simu. Hapo unatoka roboti wa kwanza wa kila mtu, roboti wa mswaki, ambaye ulimwenguni alipata umaarufu mwaka 2007. Kata kichwa cha mswaki wa zamani, nyoosha kwa kidole nywele zake zote zilale upande mmoja, gundisha mota juu, na betri ya kidonge ya volti 3 ambayo iko kwenye kila kompyuta iliyokufa. Gusisha waya. Anakimbia mezani kama mende. Akienda kinyumenyume basi nywele umezilaza kinyume, akizunguka pale pale mota iko upande, isogeze katikati. Dakika 20, na gharama ni gundi.

Hatua ya pili ni deki ya DVD. Iliyokufa ina mota tatu kwa kawaida: ya kuzungusha diski, ya kusogeza jicho, ya kufungua mdomo. Mausi ya kompyuta ina swichi ndogo zenye miguu mitatu. Chukua mota mbili, swichi mbili na betri mbili, unganisha ili antena ya kushoto ikiguswa mota ya kulia irudi nyuma, na ya kulia hivyo hivyo. Unapata mdudu anayekwepa ukuta bila chipu hata moja, ndugu kabisa wa kobe wa Bristol. Arduino, ile bodi ya Waitaliano iliyotoka 2005, ni nzuri na sijaikataa. Ila ukianza nayo utajua kunakili kodi kabla hujajua umeme unapita wapi.

Onyo kabla ya kuendelea, na hapa sitanii. TV ya chogo usiifungue. Inaweza kubaki na umeme mkali ndani hata ukiwa umeichomoa. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe. Na wale madogo wanaochoma nyaya jalalani ili watoe shaba, ule moshi ni sumu, waambieni wamenye kwa kisu.

Sasa roboti wa Kilosa afanye kazi gani? Swali hili ndilo lililonifanya niandike. Roboti za TikTok zinacheza ngoma na kubeba soda. Sawa. Ila Kilosa ina Mto Mkondoa. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulifurika, nyumba zikaanguka, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, na reli ya kati ikaharibiwa kati ya Kilosa na Gulwe mpaka treni zikasimama kwa miezi. Maji ya Mkondoa yana tabia mbaya, yanaweza kuja wakati kwako hakujanyesha tone, kwa sababu mvua imepiga milimani. Ukiwa umelala hujui.

Kwa hiyo tengeneza kinacholala macho. Unahitaji transista moja kutoka redio ya Kichina, C945 au C1815 zimejaa humo. Ukiitazama upande wake bapa, miguu ikiangalia chini, kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. Tafuta baza, kile kidude cheusi cha duara kinacholia tiiii, na hakikisha kinalia chenyewe ukikigusisha betri. Chanya ya betri iende kwenye chanya ya baza, hasi ya baza iende kolekta, emita irudi hasi ya betri. Halafu toa waya mbili ndefu: moja kutoka chanya ikipitia rizista ya kilo-om 1, nyingine kutoka besi. Hizo ndizo zinakwenda kwenye maji. Zikiwa kavu, kimya. Maji yakizigusa zote mbili yanapitisha umeme kidogo sana kwenda besi, transista inafungua, kelele.

Watu wengi wanatumia misumari kwenye ncha, na misumari inaoza upesi kwa sababu ya umeme na maji. Fundi redio angekuambia utumie vijiti vya makaa. Pasua betri kuukuu ya tochi, katikati kuna kijiti cheusi, hakishiki kutu. (Ule unga mweusi unaokizunguka ndio shule zetu zilikuwa zinapaka ubaoni. Nawa mikono.) Vifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako ili mvua isikudanganye, ila toboa tundu dogo ubavuni karibu na juu. Bila tundu hewa inanasa ndani ya chupa, maji yanapanda nje na kengele iko kimya. Betri tatu za volti 1.5 zinatosha, na kwa kuwa ikiwa kavu haili umeme, zinakaa muda mrefu. Ijaribu kila wiki kwa kikombe cha maji. Haichukui nafasi ya tangazo la mamlaka, na ikilia usikae kuirekodi video, beba watoto.

Mikumi nako kuna lake. Hifadhi ilitangazwa 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia inakatiza ndani yake kwa kilomita kama 50. Kila aliyepita kwa basi amewaona nyani, swala, pengine tembo kando ya lami. Zile taa za sola za ukutani zinazowaka mtu akipita zina sensa inayohisi joto la mwili linalotembea, na sensa hiyo haichagui binadamu wala nguruwe. Mkulima wa pembeni mwa hifadhi akiiunganisha na baza badala ya taa anapata makopo ya kwenye kamba, toleo jipya. Sitawadanganya, tembo ni mjanja, kelele za kila siku anazizoea. Kule jirani Udzungwa wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, ambao tembo akiutikisa nyuki wanatoka. Ukinielewa vizuri, hiyo nayo ni mashine: inahisi, inaamua, inatenda, na inatoa asali.

Mwaka 2013 jirani zetu wa Kongo waliweka roboti wa kuongoza magari Kinshasa, vyuma virefu kuliko mtu, vinatumia sola, vilivyobuniwa na chama cha wahandisi wanawake wa hapo hapo. Dunia ikaja kupiga picha. Mimi nikaziangalia zile picha nikawaza mafundi wa kwetu ambao wamezeeka na vibanda vyao sasa ni vya kuuza vocha. Redio hakuna anayetengeneza tena, mtu ananunua nyingine. Wakiondoka, ile michoro ya kichwani inaondoka nao, na dogo wa kidato cha pili ataendelea kuamini mambo haya yalianza Japani.

Kwa hiyo leo sitaki komenti za "kaka umetisha". Kama kuna fundi redio wa zamani unayemjua, Kilosa mjini, Kimamba, Dumila, Ruaha, Mikumi, nenda kamsalimie, mbebee redio mbovu umkae pembeni. Ukimuomba ruhusa akikubali, shusha hapo chini jina lake na kitu kimoja alichokufundisha. Wiki ijayo nitaweka picha za kengele ya maji hatua kwa hatua, ila tafuteni transista kuanzia leo.